Chatu wangu alikufa kwa shibe, si kwa njaa (uzi mrefu, naomba msome hadi mwisho)

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeukalia karibu mwaka mzima, maana kila nikianza kuuandika moyo unauma. Juzi kijana mmoja wa Kimara kanitumia picha ya chatu wake. Mnyama amevimba hadi magamba yameachana, na chini ya picha kaandika kwa furaha: "Ona anavyokua, kaka!" Nimeitazama nikamwona Kanga, chatu wangu aliyekufa. Nikasema leo silali kabla sijaandika.

Nianze na kibali, maana najua mtauliza. Wanyamapori wa nchi yetu, Tanzania, ni mali ya umma na wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Biashara ya chatu kuvuka mipaka nayo inabanwa na mkataba wa CITES. Wa kwangu wana karatasi zao zote. Ukikutana na chatu bonde la Msimbazi au shambani Kigamboni, usimtie kwenye kiroba ukamfanya mfugo. Waite watu wa wanyamapori. Siandiki hapa kumfundisha mtu kwenda kuokota nyoka.

Ninaowasema ni chatu wadogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, wale ambao wakiogopa hujiviringa kama mpira, kichwa wakakificha katikati. Kwao ni Ghana, Togo, Benin, na kwa huku mashariki wanafika Uganda. Si chatu wetu wa hapa anayeweza kufika mita nne. Jike mzima wa hawa huwa kilo moja na nusu hivi, na dume huwa mdogo zaidi. Wanaishi miaka 20 hadi 30, na wapo waliopita hapo mbali sana: mwaka 2020 katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike aliyekuwa hapo tangu 1961 alitaga mayai akiwa na miaka zaidi ya 60.

Kanga hakufika hata miaka minne.

Alikuja kwangu na gramu 90. Aliyenielekeza aliniambia nimpe panya kila siku ya tano, na kila akikua nimwongezee ukubwa wa panya, "akue haraka." Alikua kweli. Mwaka haujaisha alikuwa amepita kilo. Miaka miwili na nusu, gramu 1,900. Wageni wakija nyumbani namtoa, wanashangaa, na mimi nasikia raha kama mzazi aliyesifiwa mtoto. Hakukataa chakula hata siku moja, na mimi kila alipokula nilijua nampenda vizuri.

Asubuhi moja nilimkuta amelala mdomo wazi kidogo, mwili umelegea kama kamba iliyolowa.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nikaomba ampasue nione. Nilisimama pale kwenye meza ya bati. Kisu kilipopita tumboni, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa mafuta. Yalikuwa mapande manene ya njano iliyopauka, yamepangana kuanzia katikati ya mwili hadi karibu na mkia, mpaka utumbo ukawa hauonekani. Ini la nyoka ni refu na jembamba kama mshipi, na rangi yake huwa kahawia iliyokolea. La Kanga lilikuwa na rangi ya andazi. Daktari alilikata, akanionyesha ubapa wa kisu: unang'aa mafuta. Akaniuliza, "Alikuwa akila kila baada ya siku ngapi?" Nikamwambia tano. Akaweka kisu chini, hakusema neno.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata. Nitaeleza nilichojifunza, na mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Kwanza, tuache kumpima nyoka kwa tumbo la binadamu. Sisi tunapika joto la mwili kutokana na chakula, mchana na usiku, ndiyo maana tunakula kila siku. Nyoka joto lake analipata kwenye jua na mawe. Akitulia, anatumia chakula kidogo sana ukimlinganisha na mnyama wa damu moto mwenye uzito uleule. Huko porini hajui panya wa pili atapita lini, kwa hiyo ameumbwa akikiona anakamata. Ndiyo sababu nasema nyoka kukubali panya si dalili kwamba ana njaa. Kanga alikamata panya kila nilipompa, hadi wiki ya mwisho ya uhai wake.

Pili, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Tumbo la chatu hufungwa na kufunguliwa kama duka. Akikaa bila kula, utumbo husinyaa, ini na figo hupungua. Akimeza tu, vyote huanza kukua upya. Mwaka 2005 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba misuli ya moyo wa chatu wa Burma huongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili tu baada ya mlo mkubwa. Kazi ya mwili mzima hupanda mara nyingi kuliko akiwa ametulia. Chakula kikiisha, mwili unarudi chini na moyo unapungua. Sasa mimi nilikuwa nikimletea Kanga mzigo mpya kabla hajamaliza kufunga hesabu za mzigo wa jana. Kwa miaka mitatu duka halikufungwa.

Tatu, mafuta ya nyoka hayaonekani mapema. Ng'ombe akinenepa unamwona mgongoni. Nyoka anaweka mafuta ndani, nusu ya nyuma ya mwili. Ukishayaona kwa nje, ndani kumejaa siku nyingi.

Ya kutazama ni haya. Mnyooshe polepole sakafuni, akiwa hana mlo tumboni. Ukimtazama kwa mbele, mwili wake uwe na umbo la mkate wa kumimina uliokatwa: chini umelala, juu una kilima laini. Pitisha kidole mgongoni, uti uusikie chini ya nyama bila kuchoma kidole. Ukiona mfereji unaopita mgongoni na nyama zimepanda huku na huku, amezidi. Ukiona ngozi kati ya gamba na gamba wakati ametulia, na hajala karibuni, amezidi. Akijikunja na kutokea mikunjo kama shingo ya mtoto mnene, amezidi sana. Na kichwa: kichwa kidogo kwenye mwili wa gogo. Kanga alikuwa nacho kichwa hicho nami nikidhani ni urembo wake.

Upande wa pili upo pia. Nyoka aliyechongoka mgongoni kama paa la nyumba, ngozi imelegea, huyo ana njaa au mgonjwa. Kitoto cha chatu kinahitaji kula ili kikue, na kukidumaza ni kosa sawa na kukivimbisha.

Sasa chakula. Nina dume aitwaye Kitenge, na kwake nafuata mizani, sifuati macho yangu. Alipokuwa chini ya gramu 350 nilimpa mlo wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kila wiki. Yaani akiwa na gramu 200, panya wa gramu 20 hadi 30, mtoto wa panya ambaye macho ndiyo kwanza yamefunguka. Alipovuka hapo nikashusha hadi asilimia 7 hivi na kusogeza siku, kumi, kisha kumi na nne. Sasa yuko gramu 1,180, anakula panya wa gramu 60 hivi kila wiki ya tatu au ya nne, na panya asiwe mpana kuliko sehemu pana ya mwili wake. Mwaka wa kwanza aliumaliza na gramu 400. Kanga muda huo alikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kitenge ana miaka mitano, anapanda tawi usiku, na misuli yake ukimshika unaisikia inafanya kazi mkononi. Kanga alikuwa mzito na laini tu, nami sikujua tofauti.

Mzani wa jikoni wa dijitali unapatikana Kariakoo kwa bei ya kawaida. Mtie nyoka kwenye foronya, pima, toa uzito wa foronya, andika kwenye daftari. Mara moja kwa mwezi, kabla ya kula na akishapata choo. Urefu naupima kwa uzi: naulaza juu ya mgongo toka puani hadi mkiani, kisha naunyoosha kwenye futi. Uzito ukipanda miezi mitatu na urefu umesimama, hapo ni mafuta. Daftari la Kanga lingeniambia, kama ningekuwa nalo.

Nawasilisha. Maswali yaleteni.

Mdau wa Mbagala

Pole sana mkuu. Hiyo ya rangi ya andazi imenikaa kichwani. Swali langu: jirani yetu analisha nyoka nyama ya buchani na utumbo wa kuku, anasema ni nafuu na haina mafuta mengi. Hapo je?

Mleta uzi

Ahsante mkuu. Mwambie aache. Panya mzima ana mifupa, ana ini, ana manyoya, na madini ya chokaa ya nyoka yanatoka kwenye mifupa ile. Nyama tupu haina hayo, na mnyama anayekua mifupa yake italegea hata kama kwa nje ananenepa. Na panya wa kutegwa uani asimpe kabisa. Mtaani kwetu kila nyumba ina sumu ya panya, na panya hafi palepale, anatembea nayo siku kadhaa. Nyoka akimmeza anameza na sumu. Minyoo na kupe sijaitaja.

Mfugaji wa Mbezi

Kaka nakuheshimu, ila mnatisha watu. Wangu nimemlisha kila siku ya tano tangu mdogo, miezi kumi na minne akafika kilo moja na nusu, na katika mwaka wake wa pili ametaga mayai sita. Mgonjwa hatagi. Wenzetu wa nje wanaofuga kwa biashara ndivyo wanavyofanya, jike akifika uzito anapandishwa.

Mleta uzi

Mkuu, ahsante kwa kusema wazi, na sikubishii kwamba alikua. Chakula kingi humkuza nyoka, hilo kweli. Najua pia wapo wanaofanya hivyo kwa biashara, wanataka jike atage mapema. Lakini wao wanahesabu misimu miwili mitatu ya mayai. Mimi na wewe tunahesabu miaka ishirini nyumbani. Nikuulize kwa nia njema: katika sita, yaliyoanguliwa mangapi?

Mfugaji wa Mbezi

Mawili. Manne yalikuwa ya njano, madogo, magumu.

Mleta uzi

Siwezi kusema ni shibe peke yake, hata joto la kuatamia au dume vinaweza kuwa sababu. Lakini jike mwenye mafuta mengi yuko kwenye hatari ya mayai yasiyo na kitu, na hatari kubwa zaidi ya mayai kukwama tumboni asiweze kuyatoa. Mpime mkuu. Msimu huu mpumzishe, usimpandishe. Tuletee namba hapa, tutazitazama pamoja.

Mwanafunzi wa mifugo, Morogoro

Habari za kazi wadau. Nipo SUA, naomba niongezee kidogo. Alichokiona mleta uzi kinaitwa ini lenye mafuta. Ini likijaa mafuta haliwezi tena kusafisha damu wala kutengeneza protini inavyotakiwa, na mnyama anaweza asionyeshe dalili hadi mwisho. Ndiyo maana wengi husema "alikuwa mzima jana."

Tahadhari kwa mwenye nyoka mnene: usimfungie chakula ghafla. Mnyama mwenye mafuta akinyimwa kabisa, mafuta yanatoka kwa wingi kuelekea kwenye ini lilelile lililochoka, na hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Punguza ukubwa wa panya kwanza, kisha sogeza siku. Mpe panya wadogo walioachishwa ziwa, usimpe panya wazee waliokwisha kuzaa mara nyingi, wale wana mafuta sana. Mpe na nafasi. Chombo kikubwa chenye tawi imara la kupanda kinamfanya atumie misuli. Ashuke kwa miezi, sio kwa wiki.

Mleta uzi

Daktari mtarajiwa, ubarikiwe. Hilo la kutomfungia ghafla sikuliandika na ndilo la muhimu kuliko mengi niliyoandika.

Mama wa vifaranga, Chanika

Mimi sijui nyoka, nawaogopa. Ila nina mashine ya kutotoleshea, na kuna kijana hununua kwangu vifaranga vya majogoo vya siku moja, ishirini kila Jumamosi, anasema ni vya nyoka wake mmoja. Nilimuuliza nyoka ni mkubwa kiasi gani, akanionyesha mkono wake, kwamba unene ni kama kifundo cha mkono, na uzito kilo moja. Nimesoma hapa nikaingiwa na wasiwasi. Ni sawa hiyo?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Ahsante sana kwa kuuliza, wengine wangeuza tu wakanyamaza. Tupige hesabu. Kifaranga cha siku moja kina gramu 40 hivi. Ishirini ni gramu 800. Nyoka wa kilo moja analishwa gramu 800 kwa wiki! Huyo anahitaji gramu 50 au 60 kwa wiki tatu. Kwa lugha ya dukani kwako, ni kifaranga kimoja, au kimoja na nusu, kila wiki ya tatu. Na vifaranga pekee si vizuri viwe mlo wa kudumu, mifupa yao bado laini na chokaa ni kidogo kuliko ya panya mzima. Ukimwona, mama, mpe uzi huu ausome. Nasema kwa kuogopa sana: huyo mnyama hana muda mrefu.

Mama wa vifaranga, Chanika

Marahaba mwanangu. Jumamosi akija simuuzii ishirini. Nitamwonyesha simu.

Mdau wa Tabata

Mkuu, wangu tatizo ni tofauti. Nimempa panya Jumapili, Jumatano kamtapika, ananuka vibaya. Nikampa mwingine palepale asije akadhoofika. Kamtapika tena. Nifanyeje?

Mleta uzi

Usimpe kitu sasa hivi. Kutapika kunachubua koo na kumaliza majimaji ya tumboni. Mpumzishe siku kumi hadi kumi na nne, maji safi yawepo, kisha mpe mlo mdogo, nusu ya uliokuwa ukimpa. Umesema ulimpa Jumapili: baada ya hapo alishikwashikwa? Siku mbili baada ya kula haguswi. Na chumbani joto likoje?

Mdau wa Tabata

Watoto walimtoa Jumatatu kweli. Chumba ni cha bati, dari hakuna. Mchana jasho linatutoka, usiku huu wa Julai tunajifunika.

Mleta uzi

Hapo kuna sababu mbili. Bila joto, panya anaozea tumboni kabla hajayeyushwa, na mwili unamtoa. Wengi wetu Dar tunadhani mji ni wa joto basi tumemaliza, lakini Juni hadi Agosti usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 20, na huyu baada ya kula anataka upande mmoja wa chombo uwe na nyuzi 31 hadi 33, usiku na mchana. Upande wa pili uwe 26 hivi ili achague. Tumia kipimajoto, usitumie kiganja. Na mchana wa Januari chini ya bati tupu unaweza kupita 35, hapo anaungua na hatoki jasho kama wewe. Msogeze chumba chenye dari au mpe kona ya ukuta wa tofali usiopigwa na jua. Umeme ukikatika siku ya kulisha, ahirisha. Wiki moja ya kuchelewa haimdhuru.

Hata miezi. Kitenge aligoma kula toka Juni hadi Septemba mwaka juzi. Nilihangaika, usiku naamka kumwangalia na tochi. Kila wiki napima: alitoka gramu 1,130 akafika 1,085 na hapo akasimama. Septemba mwishoni akakamata panya kama vile hakuna kilichotokea. Chatu hawa ndivyo walivyo, hasa madume wakati wa kutafuta majike. Ningekuwa yule wa zamani ningemlazimisha kwa kibano.

Mfugaji wa Mbezi

Nimempima. Gramu 2,140. Nimempitisha kidole mgongoni, kuna mfereji. Sikuwa nimeutazama kwa jicho hilo. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Mkuu, pole, na hongera kwa kupima. Leo usimpe. Akifikisha wiki mbili toka mlo wa mwisho mpe panya wa gramu 80, usizidishe. Baada ya hapo kila wiki ya tatu. Mtafute daktari wa mifugo amsikilize kabla hujaenda mbali, maana wako ametaga na mwili umechoka. Nakutumia namba yangu pembeni, tukutane tumtazame kwa macho.

Mleta uzi: MREJESHO, wiki ya kumi

Wakuu, wengi mmeuliza habari za yule kijana wa Kimara.

Alikuja nyumbani na jike wake kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Tulimpima mezani kwangu: gramu 1,860, na hajamaliza miaka miwili. Kijana alilia, nami nilikaa naye hadi akatulia, maana najua machozi yale. Tulipunguza ukubwa wa panya hadi gramu 70, wiki mbili na nusu kati ya mlo na mlo, na nikampa tawi la mpera lililokuwa la Kanga, ambalo Kanga hakuwahi kulipanda.

Jana kamleta tena. Gramu 1,775. Tulimnyoosha sakafuni kwenye mkeka. Mfereji mgongoni bado upo ila umepungua kina, na magamba ya shingoni yameanza kukutana. Huku nyuma bado yameachana. Kijana ana daftari, kaandika kila tarehe kwa kalamu nyekundu, hata siku za choo.

Aliniambia juzi usiku alisikia kitu kinakwaruza, akawasha taa ya simu. Jike alikuwa juu ya tawi, mkia bado chini, anajivuta.